Anzia visiginoni: jinsi ya kukagua huduma ya mtu mzima anayetunzwa nyumbani

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka minane sasa kazi yangu kubwa ni majumbani, Kampala na vitongoji vyake. Familia hunipigia simu: "Sista, tunalipa kila mwezi lakini hatujui mama anatunzwaje. Twende utuangalizie." Mara nyingi anayepiga yuko Dubai au Juba. Pesa inakwenda kwa simu, na picha ya mama aliyeketi barazani na leso safi inarudi kwa WhatsApp. Picha hiyo mtu huipanga kwa dakika mbili. Hivi ndivyo mimi ninavyokagua, na wewe ambaye si muuguzi unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua mlikubaliana nini

Kabla ya kutoka nyumbani kwako, andika kwenye karatasi mambo ambayo mgonjwa anatakiwa kufanyiwa: kuogeshwa, kugeuzwa, dawa zipi na saa ngapi, kupimwa sukari, kufanyishwa mazoezi ya mkono. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu kwamba "atamwangalia mzee", basi kosa la kwanza ni lenu. Lirekebisheni kabla ya kumlaumu mtu.

Hatua ya 2: Makaratasi

Anayejiita muuguzi lazima awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, na awe na leseni ambayo muda wake haujaisha. Omba namba yake, kisha uiulizie kwenye Baraza. Wahudumu wengi wa nyumbani si wauguzi, na hilo peke yake si baya. Nimefanya kazi na mabinti wasio na cheti ambao mikono yao ni ya dhahabu. Ila uliza nani alimfundisha na nani anamsimamia. Kama anachoma sindano za insulini au anabadilisha mpira wa mkojo bila msimamizi, simamisha jambo hilo siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Nenda bila kutoa taarifa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au Jumapili jioni. Simama mlangoni kidogo kabla ya kubisha, usikie mgonjwa anavyosemeshwa.

Hatua ya 4: Soma mwili

Hapa usiwe na haraka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua nyumba moja Ntinda. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Nilimgeuza, mgongo ukawa safi, shuka zimenyooka, nikamsifu mhudumu mbele ya familia. Soksi sikumvua. Wiki moja baadaye binti yake alinipigia akilia: kisigino cha kushoto kilikuwa kimekuwa cheusi. Kidonda kile kilichukua miezi kupona, na mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Tangu siku hiyo naanza na soksi.

Pitisha kiganja chako chini ya kisigino. Kwa mtu asiyeweza kusogea, mto mwembamba unawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, kisiguse godoro. Kisha angalia kifandugu (mwisho wa uti wa mgongo), nyonga, viwiko, na nyuma ya masikio. Vitabu vinasema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono wako: je, pale pana joto kuliko pembeni yake? Je, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva mno? Kidonda cha kulalia huanzia hapo, kabla ngozi haijachanika. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku pia.

Kama alipata kiharusi na mkono umejikunja, ufungue taratibu, kidole kimoja kimoja, uanze na dole gumba. Nusa kiganja. Mhudumu anayeogesha juujuu hafikii ndani ya ngumi ile. Utakuta jasho lililooza, kucha zimechimba ngozi. Ngumi safi inakuambia mengi kuliko sare nyeupe.

Mengine ni ya haraka: ulimi mkavu wenye utando mweupe, mkojo wa rangi ya chai. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu. Anayepaliwa akila alishwe ameketi wima, na akae hivyo kama nusu saa baada ya uji.

Hatua ya 5: Daftari na hesabu ya vidonge

Omba daftari la kila siku. Niliwahi kufungua moja lenye presha 120/80 kwa siku kumi na tisa mfululizo, kalamu moja, mwandiko mmoja usioyumba. Presha ya binadamu haikai hivyo. Daftari la kweli lina doa la chai, wino wa rangi mbili, na sentensi kama "leo amekataa posho (ugali), amekunywa uji nusu kikombe".

Halafu hesabu. Vidonge 60 vilianzwa tarehe 1, viwili kwa siku. Asubuhi ya tarehe 19 kabla ya dozi vibaki 24. Ukikuta 33, tisa havikumezwa. Usigombe. Uliza. Mara nyingi jibu ni kwamba mtu alimwambia dawa ya presha hupewa mgonjwa akiumwa kichwa. Hilo ni la kufundisha, si la kufukuza.

Hatua ya 6: Kaa na mgonjwa, wawili tu

Msalimie kwa lugha yake. Nimemkuta mzee wa Arua, askari wa zamani, anajua Kilugbara na Kiswahili cha jeshini, na mhudumu wake anajua Luganda tu. Mwaka mzima walikuwa wakioneshana vidole. Huduma ile haikuwa nzuri, hata kama chumba kilinukia sabuni.

Usiulize "wanakutunza vizuri?" Atakujibu ndiyo, kwa heshima au kwa hofu. Uliza: "Jana usiku ulipotaka kwenda haja, nani alikuja? Ulingoja sana?" Asiyeweza kusema, mtazame macho mhudumu anapokaribia.

Uliza maumivu. Uganda hatuna sababu ya kumwacha mgonjwa wa saratani alie usiku kucha. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa wa maradhi yasiyopona, lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, limetufundisha kutumia morfini ya maji nyumbani, na tangu 2004 wauguzi waliosomea huduma hiyo maalumu wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo. Kama chupa ipo, angalia kama dozi inatolewa kwa saa zake, kwa kawaida kila saa nne, na kama kuna dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Kama haipo na mtu anateseka, hilo liwe la kwanza kwenye ripoti yako.

Hatua ya 7: Mkague pia anayemhudumia

Analala wapi? Nani humpokea zamu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki, lakini nakuta mabinti waliokaa miezi mitatu bila kutoka, wanalala kwenye mkeka kando ya kitanda. Huyo saa nane za usiku hatamgeuza mtu, hata awe na moyo gani. Muulize analipwa kiasi gani kati ya pesa mnazoipa kampuni iliyomleta. Nimeona tofauti za kuumiza.

Hatua ya 8: Swali la ghafla

"Mzee akianguka sasa hivi, utafanya nini?" Anayejua ataonesha namba ukutani na pesa ya usafiri iliyotengwa, na atataja hospitali.

Hatua ya 9: Andika, kisha rudi

Kipigo, au kidonda kilichofichwa, mwondoe mhudumu leo. Mengine yape wiki mbili na maelekezo ya maandishi. Kidonda kikiwepo, kipime kwa rula urefu na upana, andika sentimita na tarehe, na upige picha mgonjwa akikubali. Utakaporudi pima tena kwa rula ileile, ulinganishe. Na uvue soksi zote mbili.