Kabla ya kumpeleka mtoto kuwekewa silanti

Silanti ni utando mwembamba unaozibia mitaro ya magego ya kudumu yasitoboke, na gego la kwanza la kudumu hutoka kimyakimya. Mtoto anapokaribia miaka 6, macho ya wote yako kwenye meno ya mbele yanayocheza. Huko nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, linachomoza gego ambalo ataishi nalo maisha yake yote. Wazazi wengi hulidhani la utoto. Basi kabla hujaulizia bei, mwambie mtoto aasame penye mwanga mzuri, uhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma: likiwepo la sita, ndilo hilo. La saba hufuata kwenye miaka 12 hivi, nalo litahitaji safari yake.

Linalotafutwa ni kuziba mitaro ya uso wa kutafunia, ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele wa mswaki. Jino husafishwa, hupakwa asidi kwa muda usiozidi dakika moja, huoshwa na kukaushwa, kisha silanti hupakwa na kugandishwa kwa taa ya buluu. Sindano hakuna, kuchimba hakuna. Mweleze mtoto hayo kwa utaratibu, lakini usimwambie "hutaumia". Atakachosikia ni kuumia tu.

Adui mkubwa ni mate. Yakigusa jino lililokwisha kukaushwa, silanti haishiki vizuri, na ndiyo sababu nasema mazoezi ya kuasama nyumbani yana faida kuliko maneno mengi ya kumtuliza. Akiwa na mafua makali, ahirisha, maana atashindwa kupumua kwa pua. Kama hatulii, au gego halijatoka lote, muulize daktari kuhusu silanti ya glasi-ionoma, aina nyingine ya kizibio: huvumilia unyevu kuliko ile ya resini, yaani ya plastiki, ingawa hubanduka mapema zaidi. Ale kama kawaida kabla ya kwenda, na apige mswaki.

Mtajie daktari mzio wowote mtoto alio nao. Kama mmeishi kwenye maji yenye floraidi nyingi, mathalani sehemu za Arusha au Nakuru, na meno yana madoa ya kahawia, sema pia. Huenda akabadili muda wa asidi.

Uliza bei ni kwa jino au kwa ziara, bima inalipia hadi umri gani, na ikibanduka nani atagharamia.

CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, inaeleza kwamba silanti huzuia asilimia 80 ya matundu kwenye meno ya nyuma kwa miaka 2. Katikati ya jino na jino haifiki, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku iko palepale, na ubuyu wa rangi kila jioni bado ni tatizo. Ombeni iandikwe kwenye kadi ni magego yapi yamewekewa, ili kila ukaguzi, hata kwa daktari mwingine, ijulikane kama kuna lililobandukwa na silanti.