Kutoa kolajeni kwenye ngozi ya changu kwa utafiti wa vidonda vya kisukari

Kwenye kidonda cha kisukari, vimeng'enya vinavyovunja protini huzidi kiasi, vikala nyama changa kabla haijashika. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, huvipa vimeng'enya hivyo kitu kingine cha kutafuna, na seli hupata pa kujishikiza. Kolajeni hiyo tunaitupa kila siku pamoja na ngozi za samaki pale soko la Feri, Mtwara.

Onyo kwanza: hii ni kazi ya maabara. Tafadhali usimbandike mgonjwa ngozi mbichi ya samaki. Bakteria wa baharini kama Vibrio wanaweza kumpotezea mguu, hata maisha. Ngozi ya cod, samaki wa maji baridi wa Aisilandi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2013 kwa kufunika vidonda, hutakaswa kwanza.

Hatua ya 1: Ngozi. Waagize mapema wanaotoa minofu, maana wateja wengi huondoka na samaki na ngozi yake. Nenda na deli: barafu, ngozi, barafu tena. Kolajeni ya cod huharibika karibu nyuzi 15. Ya samaki wetu wa maji ya joto huhimili zaidi, na hapo tuna bahati kubwa. Lakini jua la saa nne halina huruma. Kuanzia hapa kazi yote ifanyike kwenye nyuzi 4.

Hatua ya 2: Usafi. Para mpaka ukiinua ngozi kwenye mwanga usione nyama. Katakata vipande vya nusu sentimita.

Hatua ya 3: Kuondoa protini nyingine na mafuta. Vaa glavu na miwani. Kostiki soda gramu 4 kwa lita, ujazo mara 10 ya ngozi, siku nzima, ukibadilisha maji hayo yakichafuka. Suuza hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) iwe 7, yaani kati kwa kati. Kisha butanoli (alkoholi inayotoa mafuta) asilimia 10, siku moja, na usuuze tena.

Hatua ya 4: Asidi. Asidi ya asetiki gramu 30 kwa lita, siku mbili, ukikoroga polepole. Ngozi hututumka, hung'aa, na maji huvutika kama mlenda wa bamia. Usiharakishe kwa kupasha moto: kolajeni itavunjika na utapata jelatini. Chuja.

Hatua ya 5: Chumvi. Ongeza chumvi safi ya maabara kidogo kidogo hadi gramu 53 kwa lita. Nyuzi nyeupe zitajitokeza. Zikusanye kwa sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), ziyeyushe tena kwenye asidi, zitie kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha chumvi na asidi nje na kubakiza kolajeni), kisha zikaushe kwa kugandisha.

Andika aina ya samaki kwenye kila pakiti. Kabla ya kugusa mgonjwa yeyote panahitajika kibali cha maadili ya utafiti, na mwenye mzio wa samaki asihusishwe kabisa.