Somo: Boga la Oktoba, la kuchonga na la kupika

Tarehe 31 mwezi wa 10 huku Marekani ni Halloween: watu huchonga uso kwenye boga, hutia taa ndani na kuliweka mlangoni, na watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Basi kila mwezi huo ndugu waliohamia huku huniuliza yale yale: ninunue boga gani, mbona langu limeoza? Naandika mara moja. Someni mpaka mwisho.

1. Nunua mawili. Yale makubwa ya milangoni yamezalishwa kwa kuchongwa: nyama ina nyuzi, maji mengi, utamu hakuna. La kupika ni dogo, kilo 2 au 3. Mimi huchukua kabocha, la kijani, kavu kama la nyumbani.

2. Chagua lenye kikonyo kizima. Usilibebe kwa kikonyo.

3. Kata tundu chini, toa mbegu, komba ukuta wa mbele ubaki kama sentimita 2.

4. Siku ya kuchonga. Hapa niliharibu. Mwaka wetu wa kwanza Illinois tulichonga tarehe 12, tukaliweka sebuleni karibu na hita. Siku ya sita lilikuwa limebonyea, limeota ukungu, maji yanachuruzika kwenye zulia. Mwanangu mdogo alilia sana, na tarehe 31 mlango wetu ulikuwa giza. Chonga siku 2 au 3 kabla, si zaidi! Liweke nje kwenye ubaridi, ila usiku wa barafu liingize, maana likiganda linalegea. Ndani weka taa ya betri, mshumaa hulipika.

5. Mbegu: osha, kausha, tia chumvi, oka.

MASWALI

– Nimenunua lile kubwa, nipike?
Hatua ya 1.

– Langu limechongwa, lina siku nne nje. Linafaa futari?
Hapana. Limekaa wazi siku nne, dada. Watoto watakula hilo?

– Shikamoo. Kwa nini boga hasa?
Marahaba, mdogo wangu. Waayalandi na Waskoti kwao walichonga tanipu, mzizi mnene kama figili kubwa. Walipohamia huku wakakuta boga, zao la wenyeji wa bara hili, kubwa na jepesi kuchonga. Wanangu wakiliona la kwanza dukani huanza kuhesabu siku. Mimi nikilipasua nasikia harufu ya tui na iliki, Tanga, magharibi ya Ramadhani. Ndiyo maana nanunua mawili.

– La nazi unapikaje?
Vipande na ganda lake, maji kidogo, chumvi. Likiiva tia tui zito, sukari kidogo, iliki. Usikoroge, litapondeka, tikisa sufuria.

– Mimi mbegu zake nilipanda mwezi wa 5, nikachuma msusa, yale majani yake ya mboga, mpaka baridi ilipoingia.
Ahsante! Ulipanda kwenye ndoo au ardhini?