GPS ya mkononi mlimani: ipange nyumbani, itakusaidia ukiwa kwenye ukungu

Wanaopanda Rwenzori, Elgon au Muhavura wakiwa na GPS ya mkononi hupotezwa mara nyingi na mipangilio waliyoiacha kama ilivyotoka dukani. Na Uganda ina ugumu wake. Ikweta inapita ndani ya nchi, na longitudo ya 30 mashariki, inayokata upande wa magharibi, ni mpaka wa kanda mbili za ramani. Kosa ambalo kwingine lisingeonekana, hapa linakupeleka wilaya nyingine. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika mezani, si njiani.

Tunazungumzia vifaa vya aina ya Garmin eTrex na GPSMAP, maana ndivyo vinavyoonekana zaidi mikononi mwa watu. Ukiwa na cha kampuni nyingine, majina ya menyu yatatofautiana kidogo, kazi ni ile ile. Na jambo moja liwe wazi mapema: ndani ya hifadhi za taifa za milima hii unapanda na renja au mwongozaji, kwa kanuni za Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. GPS haichukui nafasi yake. Inakusaidia kundi linapogawanyika, ukungu unapofunga, au unapotaka kujua kama mtafika kambini kabla ya giza.

Koodineti: hapa ndipo wengi wanaangukia

Fungua Setup, kisha Position Format. Utakuta namna nyingi za kuandika mahali pale pale. Tatu ndizo za kawaida: digrii zenye desimali (0.35000), digrii na dakika (0°21.000'), na digrii, dakika na sekunde (0°21'00"). Zote hizo tatu ni sehemu moja.

Sasa chukua mfano. Mwongozaji amekutumia kwa simu "0.35 N". Kifaa chako kiko kwenye dakika, nawe unaandika 0°35'. Umejipeleka kilomita 26 kaskazini ya mahali mlipokubaliana, na kifaa hakitalalamika hata kidogo. Kinga ni nyepesi: angalia namba baada ya nukta au alama ya digrii. Ikizidi 59, haiwezi kuwa dakika. Ikiwa chini ya 60, muulize aliyetuma ametumia mtindo gani. Huku karibu na ikweta hesabu ni rahisi kuliko nchi nyingi, kwa kuwa digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande, na dakika moja ni kilomita 1.85, iwe latitudo au longitudo. Desimali tano za digrii zinatosha kabisa, maana ya tano tayari ni kama mita moja.

Herufi N na S usiiandike kwa mazoea. Kampala iko takriban 0°19' kaskazini, Masaka takriban 0°20' kusini. Namba zinakaribia kufanana, lakini kwa latitudo pekee zinaachana kilomita zaidi ya 70. Rwenzori na Elgon ziko kaskazini. Bwindi na Mgahinga ziko kusini. Kifaa kikikuambia uliko ni mbali ajabu na unakokwenda, anza kuangalia herufi hiyo kabla ya kulaumu satelaiti.

Wanaotumia UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kuandika mahali kwa mita, wana kazi zaidi. Uganda imegawanyika karibu yote katika vipande vinne: Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, iko kanda ya 35 kaskazini, Kasese ya 36 kaskazini, Kisoro ya 35 kusini, Mbarara ya 36 kusini. Anayetoka Kasese kwenda kilele cha Margherita lazima avuke longitudo ya 30. Akivuka, namba ya mashariki inaruka kutoka karibu 166,000 hadi karibu 834,000 kwa hatua moja. Kifaa hakijaharibika. Kimebadilisha kanda, basi. Vivyo hivyo ukivuka ikweta kuelekea kusini: namba ya kaskazini inashuka hadi sifuri, kisha inaendelea kuanzia milioni 10 kurudi chini. Na jihadhari na herufi inayofuata namba ya kanda kwenye skrini. Huko ni herufi ya ukanda wa latitudo. Kaskazini ya ikweta utaona N, kusini utaona M, si S. Kwa mpangilio huo 36S ni usawa wa kisiwa cha Kupro. Mtu akikuandikia 36S akimaanisha kusini, wewe ingiza 36M.

Ushauri wetu kwa Rwenzori: acha UTM nyumbani, tumia digrii zenye desimali, na kundi zima litumie hizo hizo.

Ramani ya karatasi na datamu

Ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, za idara ya upimaji na ramani iliyoko Entebbe, zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960. Datamu ni msingi wa kipimo ambao koodineti za ramani zinahesabiwa juu yake. GPS hutoka kiwandani ikiwa WGS 84. Ukichukua koodineti kutoka ramani hiyo ukaziingiza bila kubadilisha Map Datum, utakuwa umekosea kwa takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 kwenye uwanja wa mpira ni mchezo; kwenye bonde la Bujuku huko Rwenzori ni kuwa ng'ambo nyingine ya mto.

Utaratibu unaofaa: ukifanya kazi na ramani ya karatasi, weka Arc 1960, ingiza pointi zako zote, hifadhi, kisha rudisha WGS 84. Kifaa chenyewe kitazigeuza. Koodineti za simu, za Google au za OpenStreetMap ni WGS 84 daima. Jina la datamu limeandikwa pembezoni mwa karatasi. Ukikuta pembe hiyo imechanika, pima kwanza kwa kitu unachokijua, kama daraja au njiapanda.

Mipangilio mingine isichukue muda mrefu. Lock On Road izime, la sivyo kifaa kinaweza kukubandika barabarani wakati uko mita 40 porini. Kwenye Routing chagua njia ya moja kwa moja, si ya gari. WAAS na EGNOS, mifumo ya kusahihisha vipimo vya GPS, zima pia: ya kwanza ni ya Marekani ya Kaskazini, ya pili ya Ulaya, hazina la kukufanyia hapa zaidi ya kula betri. Washa GLONASS au Galileo, satelaiti za Urusi na za Ulaya, pamoja na GPS kama kifaa kinaruhusu. Saa iweke ya Kampala kwa mkono, maana Kongo ya mashariki na Rwanda ziko nyuma kwa saa moja, na kifaa kinachochagua saa chenyewe kinaweza kukurudisha nyuma ukiwa juu ya ukingo wa mpaka.

Aliyenunua kifaa cha zamani kwa mtu aangalie tarehe kwanza. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo programu yake haikusasishwa vilianza kuonyesha miaka ya nyuma. Mahali vinaweza kusoma sawa, lakini saa za kuchomoza na kuzama kwa jua usiziamini.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kifaa kilichokaa miezi kabatini hakiwezi kukupa mahali ndani ya sekunde. Kinahitaji satelaiti nne angalau, na kuipakua upya orodha nzima ya satelaiti huchukua dakika 12 na nusu. Kiwashe siku moja kabla ya safari, mahali peupe, ukiwa umesimama, ukiache dakika 15 hadi 20. Kuwasha huku unatembea chini ya miti ndiko kunakowafanya watu waseme kifaa ni kibovu.

Halafu kwenye geti la kuanzia, fanya haya kwa utaratibu:

1. Futa treki ya sasa (mstari wa njia uliyopita) na odomita, ili umbali uanze sifuri.
2. Weka pointi ya geti kwa Waypoint Averaging, inayochukua wastani wa vipimo vingi, sio kwa kubonyeza Mark tu. Iache ikusanye kwa dakika chache.
3. Kama kuna altimita ya barometa, inayopima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, isawazishe kwa mwinuko ulioandikwa kwenye kibao.
4. Kama kuna dira ya kielektroniki, isawazishe, mbali na simu, redio na fimbo za chuma. Hii irudiwe kila ukibadilisha betri.
5. Linganisha koodineti na za mwenzako. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita 30, mmoja wenu ana mpangilio usio sahihi. Tafuteni hapo hapo.

Vifaa vya bei nafuu, kama eTrex 10, havina dira ya sumaku. Mshale wake unaelekeza vizuri ukiwa unatembea tu. Ukisimama unazungukazunguka bila maana, na hapo ndipo mtu anaufuata na kugeuka kinyume. Tembea hatua kumi au ishirini zilizonyooka, ndipo uusome. Tena beba dira ya kawaida. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi kwa Uganda ni ndogo, chini ya digrii 3, haina haja ya kukuumiza kichwa.

Njiani

Namna ya kukishika inategemea antena. eTrex hulala, skrini ikitazama angani. GPSMAP yenye kipembe juu husimama wima. Kukitia kwenye mfuko wa suruali ni kukizibia anga kwa mwili wako, ambao kwa sehemu kubwa ni maji. Kifunge kwenye mkanda wa begi, juu ya bega.

Peupe utapata usahihi wa mita 3 hadi 5. Ndani ya msitu mnene wa Bwindi au kwenye mianzi ya Elgon, tarajia mita 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mawimbi yanapungua kwenye majani yenye maji na mengine yanagonga miamba kabla ya kukufikia. Njia ya miguu ina upana wa mita moja. Kwa hiyo GPS itakuambia njia iko karibu. Kuiona ni kazi ya macho.

Baada ya jua kuzama kuna jambo jingine la ukanda wetu. Tabaka la juu la hewa karibu na ikweta huchafuka, hasa miezi ya Machi na Septemba jua likiwa na shughuli nyingi, na mawimbi ya satelaiti yanayumba. Mahali pakirukaruka saa mbili au tatu usiku mkiwa peupe, subirini.

Weka pointi unapopanda, kwa ajili ya kushuka. Njiapanda, daraja, mwanzo wa njia ya mbao kwenye kinamasi, mahali alama zinapopotea juu ya mwamba. Majina yawe mafupi: DARAJA2, PANDA1, MAJI. Pointi inayoitwa 047 haitakuambia kitu siku ya tano.

GOTO ndiyo kazi inayopendwa, na ndiyo inayodanganya zaidi. Inachora mstari ulionyooka hadi pointi uliyochagua. Kutoka Bujuku kwenda kibanda cha Elena, kilicho mita 4,541, mstari huo haujui kinamasi, mwamba wala korongo. "Kilomita 1.8" kwenye skrini inaweza kuwa saa tatu za miguu. Kurudi, tumia TracBack, inayokurudisha juu ya nyayo zako mwenyewe. Treki za wengine zilizopakuliwa kama faili za GPX ni msaada mkubwa, ila kwa barafu ya Mlima Stanley usifuate treki ya miaka iliyopita. Barafu imerudi nyuma sana, na palipokuwa na njia leo pana mwamba mtupu au ufa.

Mkisimama kula, simamisha kurekodi. Kifaa kilichotulia chini ya miti kinachora kiota cha ndege na kuongeza mamia ya mita ambazo hamkutembea. Mwinuko wa barometa nao hupanda na kushuka bila nyinyi kusogea: katika tropiki mgandamizo wa hewa huwa juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi jioni, na hiyo huweza kufanya tofauti ya mita 20 hadi 30. Sawazisha upya kila kibanda chenye kibao cha mwinuko.

Betri

eTrex 22x inatajwa kudumu hadi saa 25 kwa betri mbili za AA. Mzunguko wa siku saba wa Rwenzori, kwa saa nane kwa siku, ni saa 56. Hesabu inasema jozi tatu, beba nne. Chukua za lithiamu kwa siku za juu, kwa sababu alkalini hulegea kwenye baridi. Kwenye menyu chagua aina halisi uliyoweka, maana betri za kuchajiwa zina volti 1.2 na kipimo kitakuambia zimekwisha kabla ya wakati. Usichanganye kuukuu na mpya. Taa ya skrini iwe sekunde 15. Usiku lala na betri ndani ya mfuko wa kulalia.

Na andika koodineti za geti, vibanda na njiapanda kuu kwenye karatasi ndani ya plastiki, nakala moja apewe mtu mwingine kundini.

Mkirudi, hifadhi treki kwa jina na tarehe, ipeleke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kausha kifuniko cha mpira kabla ya kukifunga, na toa betri. Betri zilizovuja ndani ya kifaa kilichosahauliwa huteketeza vigusio, na fundi wa simu mtaani mara nyingi hana vipuri vyake.