Hesabu pumzi kabla hujamshika mnyama

Wasaidizi wa daktari wa wanyama, hasa mnaoanza: mbwa au paka akiletwa, hesabu pumzi zake angali kwenye kikapu au miguuni pa mwenyewe. Tazama ubavu, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Ukishamshika anaingiwa na hofu, namba inapanda hata kama mapafu ni mazima. Pumzi za paka aliyetulia hucheza kwenye 20 hadi 30 kwa dakika. Pumzi za mbwa anayehema ulimi nje hazihesabiki, andika tu “anahema”. Paka akipumua mdomo wazi, achana na saa, mwite daktari papo hapo.