Kumtafuta Babu wa Karne ya 19 Uingereza: Jina la Ukoo Liache Mwishoni

Wengi huanza na maana ya jina la ukoo, na matokeo yake hujipachika kwenye ukoo usio wao. Anza na mtu. Maelezo haya ni ya England na Wales; Scotland ina masjala yake, iliyoanza 1855.

1. Agiza cheti cha ndoa. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti hiki hutaja jina na kazi ya baba wa bwana na wa bibi harusi. Angalia na mashahidi, kwani mara nyingi ni ndugu. Jina la baba lipime kwanza: aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumbuni baba ili asiaibike.

2. Ifuate familia kwenye sensa, kila miaka kumi, 1841 hadi 1901. Ile ya 1841 ina mitego: haionyeshi nani ni nani kwa mwenzake, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo mwenye 39 akaandikwa 35. Kuanzia 1851 utapata uhusiano na mkuu wa kaya pamoja na parokia ya kuzaliwa. Umri ukipishana kwa miaka miwili mitatu kati ya sensa na sensa, ni kawaida tu.

3. Tafuta watoto wasioonekana. Hapa ndipo maisha ya nyumba yenyewe yanapojitokeza. Ukikuta mtoto wa miaka tisa akifuatiwa na wa minne, huenda kuna aliyezaliwa katikati akafa kabla ya sensa. Fungua faharasa ya mtandaoni ya masjala kuu (GRO), ambayo inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837. Weka jina la ukoo la baba, lile la mama kabla ya kuolewa, na wilaya. Faharasa hudai jinsia, kwa hiyo tafuta mara mbili, wavulana kisha wasichana. Halafu nenda kwenye vifo vya wilaya hiyohiyo. Majina mawili yanayofanana yasikuchanganye: mtoto aliyefuata mara nyingi alirithi jina la marehemu.

4. Kabla ya 1837, tegemea rejista za parokia. Fomu za ubatizo za kuanzia 1813 zina makazi na kazi ya baba, ila ukoo wa mama kwa kawaida haumo. Huo utautoa kwenye ndoa.

5. Sasa jina. Kusanya kila tahajia uliyokutana nayo, pamoja na mwaka na parokia. Utafutaji wa Soundex, yaani ule unaokusanya majina yanayosikika karibu sawa chini ya msimbo mmoja, huunganisha Smith na Smyth (msimbo S530), lakini hushika herufi ya kwanza, kwa hiyo Knight na Night huyatenganisha. Tafuta kila tahajia peke yake. Jina la kazi kama Smith (mhunzi) lilizuka sehemu nyingi bila undugu wowote, kwa hiyo halikuonyeshi chimbuko. La mahali, mfano Ramsbottom la Lancashire, lina manufaa zaidi. Na pale babu alipotia alama ya X badala ya saini, tahajia ile ni ya karani.