Kitunguu cha Kuhifadhi Kinyimwe Maji Kabla ya Kung'olewa

Kila mwaka baada ya mavuno ya Agosti malalamiko huwa yaleyale: vitunguu vilivyotoka bustanini vikiwa vikubwa na vya kupendeza vinaoza shingoni au kuchipua kabla ya Oktoba, na lawama yote inatupiwa mbegu. Mara nyingi mbegu haina kosa. Aina za vitunguu kama Red Bombay na Mang'ola Red hukaa ghalani miezi kadhaa zikitunzwa. Kinachoziharibu ni mwenye bustani kuendelea kumwagilia mpaka siku ya kung'oa, akidhani anaongeza uzito.

Kitunguu kinachokomaa huacha kutoa majani mapya, shingo yake hulegea na kulala, kisha hukauka na kujifunga. Kikiendelea kupewa maji, na hasa kikiwa kimewekewa mbolea ya kukuzia kwa kuchelewa, hubaki na shingo nene na mbichi, na hapo ndipo ukungu wa kuozesha hupita kuingia ndani. Uzito mnaoufurahia siku ya mavuno ni maji tu, nayo hayahifadhiki.

Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho. Mbolea ya kukuzia, kijiko kimoja cha chakula cha CAN (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) kwa kila mita moja ya mraba, iwekwe wiki ya 3 na wiki ya 6 baada ya kupandikiza, na baada ya hapo isiwekwe tena hata majani yakionekana kufifia. Maji yakatwe wiki 3 kabla ya kung'oa kwenye udongo wa mfinyanzi, na siku 10 kwenye udongo wa kichanga, ambao haukai na unyevu. Asiyeiamini kalenda yake atazame majani: kitunguu kimoja kati ya kumi kikishalala shingo, ndoo iwekwe chini.

Bustani ya nyumbani ina mtego ambao shamba kubwa halina. Vitunguu hupandwa tuta moja na mchicha au sukuma wiki, na mboga hizo hutaka maji kila jioni, kwa hiyo hata mama mwenye nyumba akiacha kumwagilia vitunguu, watoto wanaomwagilia mchicha wanavilowesha palepale, na maji ya kuoshea vyombo yanamaliza kazi. Vitunguu vipewe tuta lao peke yao, upande wa juu wa mteremko, mbali na mlango wa jikoni.

Shingo nene husababishwa pia na kupandikiza kwa kina kirefu. Miche ihamishwe ikiwa na wiki 6 hadi 8, unene wa penseli, na ifukiwe sentimita 2 hadi 3 tu, sentimita 10 kati ya mche na mche. Anayeufukia mche kama anapanda muhogo asishangae kuvuna shingo badala ya kitunguu. Mbegu zikisiwa kitaluni mwanzoni mwa Machi na miche ikahamishwa mwishoni mwa Aprili, ukomavu utaangukia kiangazi, wakati ambapo maji yanaweza kukatwa kweli, kwa kuwa hakuna awezaye kuizuia mvua.

Wapo wanaokanyaga majani ya kijani ili yalale haraka. Waache kabisa. Shingo iliyovunjwa kwa mguu haijakomaa, imejeruhiwa, na jeraha huoza haraka kuliko shingo nene.

Nusu ya vitunguu au zaidi ikishalala, ng'oa asubuhi ya siku kavu na uvitandaze juu ya chanja kivulini, penye upepo, pamoja na majani yake, kwa siku 10 hadi 14. Majani yakatwe baada ya kukauka tu, na shingo iachwe sentimita 2 hadi 3. Kitunguu kilicho tayari kwa ghala kina maganda yanayochakarisha na shingo ambayo haitelezi ikisuguliwa kwa vidole. Ambacho bado kinateleza kiende jikoni wiki hiyohiyo.